Uvimbe wa Taya Ulioshinda Kisu

Mwaka 1957, katika wodi ya watoto ya Mulago, Kampala, daktari Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa miaka mitano. Uso ulikuwa umevimba taya la juu na la chini, kushoto na kulia, na meno yamelegea. Burkitt hakuuelewa ugonjwa ule. Jipu lingetokeaje pande zote nne kwa pamoja?

Wiki chache baadaye, akiwa hospitali ya Jinja, alichungulia dirishani akamwona msichana mwenye uso kama ule. Alipompapasa tumbo, akakuta uvimbe mwingine.

Akarudi kwenye mafaili ya Mulago. Watoto walioandikwa mmoja ana saratani ya taya, mwingine ya figo, mwingine ya ovari, akaanza kuwaona kuwa wana ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akauandikia makala, na baadaye daktari Gregory O'Conor akaonyesha kuwa ni limfoma, yaani saratani ya chembe za limfu. Wala haukuwa mgeni Uganda: Albert Cook, aliyeanzisha Hospitali ya Mengo mwaka 1897, alikuwa ameshaandika habari za watoto wa aina hiyo.

Uvimbe huu hukua kwa kasi ya kutisha; unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mzazi anayeambiwa "ni jino tu, litapoa" hupoteza siku ambazo mtoto wake hana.

Kisu hakikufaa. Kukata taya kulimharibu mtoto sura, na uvimbe ukarudi. Mashine ya mionzi haikuwapo Uganda. Zikabaki dawa, wakati ambapo madaktari wengi duniani hawakuamini kuwa dawa peke yake inaweza kuponya saratani. Burkitt akiwa Kampala na Peter Clifford akiwa Nairobi walijaribu methotreksati, siklofosfamidi na vinkristini. Uvimbe mkubwa ukayeyuka ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto wakapona kabisa, wengine kwa dozi chache mno. Huu ni mchango mkubwa wa Afrika Mashariki katika tiba ya saratani, na unastahili kufundishwa shuleni.

Mwaka 1961, Burkitt na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri kilomita 16,000 hivi hadi Afrika Kusini, wakiuliza hospitali baada ya hospitali kama ugonjwa huo ulionekana huko. Waligundua kuwa ugonjwa huandama sehemu zenye joto na mvua, na kwenye nyanda za juu zenye baridi hauonekani. Ramani yake ilikaribia sana kufanana na ya malaria, na leo malaria inatajwa miongoni mwa vichocheo vyake.

Kichocheo kingine kilisafiri kwa ndege. Vipande vya uvimbe kutoka Kampala vilipelekwa London kwa Anthony Epstein, na mwaka 1964 yeye, Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza virusi ambavyo sasa vinaitwa Epstein-Barr, vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Mwaka 1967 Mulago ilifungua kituo cha kutibu limfoma, chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda, kikiongozwa na Mmarekani John Ziegler. Wageni walipoondoka enzi za Idi Amin, Mganda Charles Olweny alishika uongozi, na watoto wenye mashavu yaliyovimba wakaendelea kupokelewa.