Vitamini E, Mawese na Kiharusi: Hoja kutoka Goma

Ubongo wa binadamu, ambao uzito wake ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni ya mwili mzima, na kwa hiyo bonge la damu linapoziba mshipa wake, seli huanza kufa ndani ya dakika chache. Damu ikirejea, madhara hayakomi, kwa sababu mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, vikiwa vimekwisha kudhoofika, huitumia oksijeni hiyo kuzalisha radikali huru, ambazo ni molekuli zenye elektroni isiyo na mwenzi na ambazo hupora elektroni za jirani zao. Utando wa seli za ubongo umejaa mafuta ambayo huoksidishwa kwa urahisi, kama yale ya kupikia yanavyochacha.

Vitamini E hukaa ndani ya utando huo na kuukatiza mfululizo wa uporaji, ilhali vitamini C huirudishia vitamini E uwezo wake baada ya kutumika. Ndiyo maana ikatarajiwa kwamba vidonge vya vitamini hizo, ambavyo huitwa vizuiaoksidishaji, vingeukinga ubongo. Kwa msomaji wa Goma tarajio hilo lina mvuto wa pekee, kwani mawese mekundu yanayotiwa katika sombe (majani ya mihogo) yana karotini kwa wingi, pamoja na tokotrienoli, jamii ya vitamini E ambayo katika maabara imezikinga seli za neva hata ikitumiwa kwa kiasi kidogo mno.

Hata hivyo, maabara si wodi. Dawa NXY-059, iliyobuniwa kunasa radikali huru, ilionekana kufaulu kwa wagonjwa wa kiharusi katika jaribio lililochapishwa mwaka 2006, lakini jaribio kubwa zaidi la mwaka 2007 halikuona faida yoyote. Nchini Uingereza, utafiti wa mwaka 2002 uliowahusisha watu zaidi ya 20,000 waliopewa vitamini E, vitamini C na beta-karotini, au vidonge visivyo na dawa, haukuonyesha kupungua kwa kiharusi. Uchambuzi wa majaribio mbalimbali uliochapishwa mwaka 2010 ulifichua jambo zito zaidi: vitamini E ilipunguza kiharusi cha kuziba kwa takriban asilimia 10, lakini ikaongeza kile cha kuvuja damu kwa takriban asilimia 22.

Takwimu hizo mbili haziwezi kusomwa Goma kama zinavyosomwa Ulaya. Katika utafiti wa kimataifa wa INTERSTROKE, ambao Uganda ilishiriki, kiharusi cha kuvuja damu kilikuwa karibu theluthi moja ya visa vya Afrika, ilhali katika nchi tajiri hakikufika hata kisa kimoja kati ya kumi. Chanzo chake kikuu ni shinikizo la damu lisilotibiwa. Kidonge chenye dosari ndogo kwa Mfini au Mwingereza kinaweza, kwa hiyo, kuwa na dosari kubwa kwa mkazi wa mtaa wa Birere au Ndosho mjini humo ambaye hajawahi kupimwa shinikizo, na anayekinunua akidhani kuwa vitamini haiwezi kudhuru.

Vitamini yenye ushahidi bora zaidi, cha ajabu, haimo katika kundi la vizuiaoksidishaji. Mwaka 2015 jaribio la China kwa watu zaidi ya 20,000 wenye shinikizo la damu lilionyesha kwamba foleti, vitamini ya kundi B, ikiongezwa kwenye enalapril, dawa ya shinikizo la damu, ilipunguza kiharusi cha kwanza kwa takriban asilimia 21 kuliko enalapril peke yake, na huko unga haukuwa umeongezewa vitamini hiyo. Foleti imo katika maharage na lenga-lenga (mchicha), vyakula ambavyo Goma huvipata kutoka mashamba ya Masisi na Rutshuru, pale vita vinapoziacha barabara wazi. Kuchemsha kwa muda mrefu hupoteza sehemu ya foleti hiyo.

Hoja hii haimhusu mgonjwa ambaye tayari mdomo umepinda na mkono umelegea. Huyo asipewe kidonge wala uji nyumbani, kwa kuwa kiharusi mara nyingi huharibu uwezo wa kumeza na chakula huingia mapafuni, na kwa kuwa ni picha ya skana pekee inayoweza kutofautisha kwa uhakika mshipa ulioziba na mshipa uliopasuka.