Chungwa la Mombasa, Mchele wa Java na Kopo la Vitamini



Leo nimechagua mada ambayo wengi hawatarajii kuisikia kwa mwalimu wa madrasa, nayo ni vidonge vya vitamini.

Sababu ni hii. Siku moja baada ya sala ya Ishaa, hapa kwetu Buyenzi mjini Bujumbura, alinifuata kijana aliyewahi kusoma kwangu Juzuu Amma akiwa mdogo. Sasa yuko chuoni na kila jioni anakwenda kufanya mazoezi ya kunyanyua vyuma. Alitoa kwenye mfuko kopo kubwa lenye picha ya mtu mwenye misuli, akaniuliza, "Ustadhi, hivi ni halali?" Nikamwuliza, "Umevinunua kwa pesa ipi?" Akainamisha kichwa. Mama yake anauza ndagala sokoni, na pesa ile alimpa ya chakula cha mwezi.

Sikumgombeza. Mimi mwenyewe niliwahi kukosea katika jambo hilihili, tena kwa upande wa pili. Nitalieleza mbele, inshaAllah. Kwanza tuangalie vitamini zilivyojulikana, maana asiyejua kitu kilikotoka hawezi kujua kinafaa nini.

MACHUNGWA YA PWANI YETU

Mwaka 1498 meri za Vasco da Gama zilifika pwani ya Afrika Mashariki. Mabaharia wake walikuwa wamepatwa na kiseyeye, maradhi ya kuvimba ufizi, kutoka damu, viungo kuuma na mwisho kufa. Mwezi wa Aprili walitia nanga Mombasa, na mfalme wa mji akawapelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa. Wagonjwa wakapona. Mwandishi wa safari ile aliandika kwamba ni kwa sababu ya hewa nzuri ya mji! Hawakujua kwamba dawa ilikuwa mikononi mwao wakiimenya.

Waliporudi kutoka India walikaa baharini karibu miezi mitatu, na watu 30 wakafa kwa maradhi hayo. Mwezi wa Januari 1499, walipofika Malindi, wagonjwa waliomba machungwa. Wengine walikuwa wamechelewa, wakafa hapohapo bandarini.

Ilipita karibu miaka 250 kabla ya mtu kulipima jambo hili kwa utaratibu. Mwaka 1747 tabibu wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili. Kila jozi aliipa kitu chake, wengine siki, wengine maji ya bahari, na wawili machungwa na ndimu kila siku. Waliopewa matunda walipata nafuu ndani ya siku chache tu, wala wengine hawakuwafikia. Pamoja na hayo, jeshi lile lilianza kuwagawia mabaharia wote maji ya ndimu mwaka 1795. Hesabuni wenyewe, ni miaka 48, na watu wangapi walikufa katikati kwa kukosa ndimu!

KUKU WA JAVA

Tuje sasa kwa ndugu zetu wa Java, nchi iliyo leo sehemu ya Indonesia. Huko watu wengi, hasa askari na wafungwa, walikuwa wakiugua beriberi, maradhi yanayolegeza miguu na kudhoofisha moyo. Tabibu wa Kiholanzi, Christiaan Eijkman, alikuwa akitafuta kijidudu kinachosababisha. Akaona kuku wa maabara yake wamelegea miguu kama wagonjwa, kisha ghafla wakapona. Alipochunguza aligundua kwamba walikuwa wakilishwa mabaki ya wali mweupe wa hospitali, mpaka akaja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku wali wa askari. Wakarudishiwa mchele usiokobolewa sana, wakapona.

Yaani uponyaji ulikuwa kwenye pumba tuliyoitupa ili wali uonekane mweupe. Eijkman alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Na mwaka 1912 mtaalamu wa Kipolandi aliyekuwa London, Casimir Funk, ndiye aliyetunga neno lililozaa "vitamini", akilitoa kwenye neno la Kilatini lenye maana ya uhai. Leo vitamini zinazojulikana ni 13, na ya mwisho kupatikana ilikuwa B12, mwaka 1948.

WANAWAKE WA BOMBAY, NA KOSA LANGU

Kisa hiki kinanigusa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1920 daktari mwanamke wa Kiingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay kuchunguza upungufu wa damu uliokuwa ukiwaua wajawazito. Waliokuwa wakiumia zaidi ni wanawake wa Kiislamu maskini, wengi wao wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Akachunguza wanachokula na mahali wanapoishi. Mwaka 1931 alitangaza kwamba dondoo ya hamira, kitu cha bei rahisi, iliwarudishia damu. Kilichokuwa ndani yake ndicho tunachokiita leo foliki asidi, ambayo mwaka 1941 ilipatikana katika majani ya spinachi. Na mwaka 1991 utafiti mkubwa ulithibitisha kwamba mwanamke aliyewahi kuzaa mtoto mwenye kasoro ya uti wa mgongo, akiimeza kabla ya mimba na mwanzoni mwake, hupunguza kwa karibu robo tatu hatari ya kasoro hiyo kurudi kwa mtoto anayefuata.

Sasa kosa langu. Mke wangu alipokuwa na mimba ya kwanza alipewa kliniki vidonge vya kuongeza damu, vyenye madini ya chuma na foliki asidi. Vikamtia kichefuchefu. Mimi nikamwambia, "Achana navyo, bibi zetu walizaa bila vidonge." Nilisema kwa kujiamini, kama mtu anayetoa fatwa. Alipojifungua alitokwa na damu, na damu aliyokuwa nayo mwilini ilikuwa ndogo. Usiku ule nilihangaika kutafuta watu wa kumtolea damu, nikijua kwamba ulimi wangu una sehemu katika lile jambo. AlhamduliLlah, Allah alimponya. Lakini tangu siku ile sisemi tena juu ya dawa nisiyoijua, na bibi zetu siwatolei hoja, maana wengi wao walikufa kwenye uzazi na sisi hatukuwahesabu.

PUNGUFU NI UGONJWA, NYINGI PIA NI UGONJWA

Wapo watakaosema, basi kama vitamini ni uhai, tumeze nyingi. Hapana. Mwaka 1986 ilitangazwa kwamba huko Aceh, Indonesia, watoto wadogo wa vijiji vilivyopewa vitamini A mara mbili kwa mwaka walikufa wachache kwa takriban asilimia 34 kuliko wa vijiji vingine. Watoto wale walikuwa wamepungukiwa, wakaongezewa.

Lakini huko Finland, wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000 waligawiwa makundi, baadhi wakapewa vidonge vya betakarotini, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Wataalamu walitumaini kwamba vitazuia saratani ya mapafu. Matokeo yakatoka mwaka 1994, nayo ni kwamba waliomeza walipata saratani hiyo zaidi kwa asilimia 18. Utafiti mwingine wa aina hiyo Marekani ulisimamishwa mwaka 1996 kabla ya wakati wake, kwa sababu hiyohiyo.

Na juu ya vidonge vya vitamini mchanganyiko wenyewe, mwaka 2024 watafiti wa Marekani walitangaza habari za watu wazima karibu 390,000, wenye afya kwa jumla, waliofuatiliwa zaidi ya miaka 20. Waliokuwa wakimeza kila siku hawakuonekana kupungukiwa na vifo kuliko wasiomeza.

Mafunzo haya mawili hayapingani. Mwenye upungufu hufaidika, asiye na upungufu hutupa pesa yake, na anayezidisha huenda akajidhuru. Dini yetu imetufundisha wastani katika kula na kunywa, na imekataza israfu. Kidonge nacho ni katika hivyo.

UKILAZIMIKA KUNUNUA

1. Jiulize ni kwa nini. Mjamzito, anayenyonyesha, mtoto mdogo, mzee, mgonjwa, au mtu asiyekula kabisa nyama, samaki, maziwa na mayai, hao wana sababu ya kumwuliza mhudumu wa afya. Mjamzito asiache alivyopewa kliniki. Shirika la Afya Duniani linashauri apate kila siku chuma miligramu 30 hadi 60 na foliki asidi mikrogramu 400. Vikimtia kichefuchefu arudi aulize, asimsikilize mume wake!

2. Soma lebo. Kopo zuri limeandika kila kitu kilichomo na kiasi chake. Tafuta lenye kiasi cha karibu asilimia 100 ya mahitaji ya siku, wala si 1,000. Vitamini A na D hujilimbikiza mwilini, na A ikizidi humdhuru mtoto tumboni.

3. Angalia tarehe ya kuisha muda na namba ya toleo, na ununue duka la dawa linalotambulika. Vilivyoanikwa juani barabarani viache, kwani joto na mwanga huziharibu vitamini.

4. Uliza juu ya halali. Vidonge vya maganda laini hutengenezwa kwa gelatini tangu vilipobuniwa Paris mwaka 1834, na gelatini hutoka kwa ng'ombe, samaki au nguruwe. Wanavyuoni wamekhitalifiana juu ya kitu kilichobadilika asili yake. Kwa kuwa vipo vidonge vigumu visivyo na ganda, na maganda yatokanayo na mimea, mwenye nafasi ya kuchagua achague kisicho na shaka.

5. Usidanganywe na picha ya misuli. Vitamini hazijengi misuli. Misuli hujengwa na mazoezi, usingizi na chakula chenye protini. Tena baadhi ya makopo ya kujenga mwili yamewahi kukutwa yamechanganywa na dawa za homoni zisizotajwa kwenye lebo.

6. Viweke mbali na watoto. Vidonge vya chuma vinafanana na peremende, na mtoto akimeza vingi vinaweza kumwua.

DUKA LIPO JIKONI

Nilimaliza kwa kumwambia yule kijana, tazama sinia la mama yako. Ndagala wanaliwa wazima na mifupa yake, ndani yake mna protini na madini ya mifupa. Lengalenga na sombe zina karotini, na lengalenga ina foliki asidi pia. Mawese mekundu ya Rumonge, wekundu ule ndiyo karotini yenyewe, na mafuta huusaidia mwili kuipokea. Maharage yana foliki na chuma, na ukila na ndimu au chungwa chuma kile huingia mwilini vizuri zaidi. Jirani zetu wa Uganda wamekwenda mbele kwa viazi vitamu vya rangi ya chungwa. Mtaalamu wao Robert Mwanga alikuwa miongoni mwa wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016 kwa kazi ya kuongeza lishe ndani ya mazao.

Kopo lake halikuwa limefunguliwa. Kesho yake alilirudisha dukani, wakampa sehemu ya pesa, nyingine ikapotea. Ile iliyorudi alimpelekea mama yake na akamweleza ukweli. Aliniambia mama hakusema neno, alimpakulia tu chakula. Na mazoezi hajaacha, mashaAllah.

Wazazi, waulizeni vijana wenu wanameza nini. Na nyinyi waume, wake zenu wakipewa vidonge kliniki, wakumbusheni wavimeze, msiwe kama nilivyokuwa.