Mwalimu Mpya wa Chuo Kikuu

Ndugu mwanafunzi wa Lushoto, majirani zako ni watu wa milima ya Upare. Huko alizaliwa Isaria Kimambo mwaka 1931. Katika miaka ya 1960 alianza kufundisha historia katika Chuo Kikuu, Dar es Salaam.

Je, mwalimu mpya hutambulikanaje kuwa ni bora? Tazama kazi yake. Kimambo aliwaendea wazee wa Upare, akawauliza habari za kale, akazipima, akaziandika. Kitabu chake kilitoka mwaka 1969. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba Mwafrika hana historia, sasa aliweza kuisoma.

Mwalimu bora hukufungua macho uione hazina ya nyumbani kwako. Leo muulize mzee mmoja habari za Kimweri wa Vuga, kisha andika mistari mitatu.