Operesheni: kazi ya muuguzi na kazi ya familia, kabla, ndani ya bloki na kisha

Ni asubuhi mapema katika hospitali moja. Mama anangojea kupasuliwa ngiri. Muuguzi anamuuliza: «Mama, umekula kitu tangu jana usiku?» Mama anajibu kwamba hapana. Lakini binti yake, gadimalade wake, anatazama chini. Saa 11 ya asubuhi alimpa chai na mkate, juu alimuonea huruma. Anaogopa kusema, asije akagombezwa.

Hali kama hii inatokea mara nyingi. Watu wengi wanafikiri operesheni ni kazi ya daktari na kisu chake tu. Kumbe sehemu kubwa ya usalama wa mgonjwa iko mikononi mwa muuguzi, ule tunayezoea kuita infirmiye, pia mikononi mwa familia inayolala pale hospitalini, kupika na kufua.

Kabla ya operesheni

Tuanze na ile chai. Juu ya nini wanakataza kula? Dawa ya anestezi inalaza mwili wote, hata ile nguvu inayofunga koo ili chakula kisiingie katika mapafu. Kama tumbo lina chakula, kinaweza kupanda na kushuka katika mapafu, na mgonjwa anaweza kufa. Kwa kawaida mtu mzima anaacha chakula saa 6 kabla ya anestezi, na zaidi ikiwa ni chakula cha mafuta mengi. Maji safi anaweza kunywa mpaka saa 2 kabla. Mtoto anayenyonya ziwa la mama anaachishwa saa 4 kabla. Uji, maziwa na chai ya maziwa vinahesabiwa kama chakula. Lakini fuata saa ile muuguzi amekupa.

Na kama mgonjwa amekwisha kula? Semeni. Operesheni isiyo ya haraka itasogezwa mbele. Ile ya haraka, kama sezariene ya mama aliyeshindwa kuzaa, itafanyika hata hivyo, ila timu itachagua njia ya anestezi yenye hatari kidogo.

Muuguzi ana maswali mengine. Umekwisha pasuliwa zamani? Kuna dawa inayokudhuru? Unakunywa dawa gani, hata zile za majani? Una sukari, tansiyo, pumu? Je, ni SS? Anayeishi na ugonjwa wa SS anaweza kupasuliwa, lakini anahitaji maji ya kutosha, joto na hewa nzuri kuliko wengine. Ukificha jambo hili kwa sababu ya haya, unawafunga macho wale wanaotaka kukusaidia.

Kisha anapima tansiyo, mapigo ya moyo, joto na uzito. Laboratwari inatazama wingi wa damu na grupu. Kama damu itahitajika, ndugu wanaombwa kutoa. Afadhali hilo lijulikane mapema, si wakati mgonjwa yuko mezani.

Mgonjwa anaoga kwa sabuni. Kunyoa nywele za mwili kwa wembe nyumbani hakufai, kwani wembe unaacha vidonda vidogo ambamo vijidudu vinaingia. Pete, hereni na meno ya bandia vinatolewa na kuachiwa familia. Rangi ya kucha inafutwa, kwani kile chombo kidogo kinachobanwa kidoleni kupima hewa katika damu kinaweza kukosea juu yake.

Mwisho, mgonjwa anaweka sahihi. Usiweke sahihi kama haujaelewa. Uliza: watanipasua wapi, kwa sababu gani, kuna hatari gani? Ni haki yako.

Ndani ya bloki

Mlango ukifungwa, familia haioni tena kitu. Ndani kuna kazi nyingi zisizoonekana. Muuguzi mmoja anampatia daktari vyombo. Mwingine anazunguka, analeta kinachokosekana na kuandika. Wa anestezi anakaa kando ya kichwa cha mgonjwa, anafuata pumzi na moyo wake muda wote. Ikiwa ni anestezi ya mgongoni, kama mara nyingi kwa sezariene, mama yuko macho. Anasikia sauti na kuvutwavutwa, lakini maumivu hapana. Akisikia maumivu, kichefuchefu ao pumzi nzito, aseme palepale.

Mwaka wa 2008, Shirika la Afya Duniani, OMS, lilitoa orodha ya mambo 19 ambayo timu inasoma kwa sauti mara tatu: kabla ya anestezi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka. Huyu ni nani? Tunapasua wapi? Antibiotiki imetolewa? Vitambaa, sindano na vyombo vyote vimehesabiwa? Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali za miji 8 ya dunia, na moja ilikuwa Ifakara, kule kwa jirani zetu Tanzania. Matokeo yalitoka mwaka wa 2009: vifo vilishuka kutoka 1,5 mpaka 0,8 kwa wagonjwa 100. Hakukuwa mashine ya bei kali. Ilikuwa karatasi, na watu kusemezana.

Kwa hiyo, mgonjwa asishangae wakimuuliza jina mara tatu. Si kwamba wamesahau.

Kisha operesheni

Saa za kwanza ndizo za hatari zaidi. Muuguzi anapita kila mara, hata kila dakika 15 mwanzoni, kutazama pumzi, tansiyo, mapigo ya moyo, bandeji na mkojo. Mgonjwa ambaye hajaamka vizuri analazwa ubavu ili matapishi yasimzibe. Gadimalade usimpe kitu mdomoni mpaka uruhusiwe, na usifunge ao kufungulia serumu wewe mwenyewe.

Kuhusu kula, operesheni hazifanani. Aliyepasuliwa matumbo anaweza kungojea. Mama wa sezariene, kama yote ni sawa, mara nyingi anaanza kunywa na kula uji mapema tu.

Maumivu si jambo la kuvumilia ili kuonyesha ushujaa. Mwenye maumivu makali hapumui vizuri, hakohoi, hatembei. Akikaa kitandani siku nyingi, damu inaweza kuganda katika miguu na kupanda mpaka mapafuni. Ndiyo maana muuguzi anamsimamisha mapema. Wakati wa kukohoa, akamate kidonda polepole kwa mto ao kitenge kilichokunjwa.

Sasa kidonda. OMS inasema kwamba katika Afrika, mpaka wanawake 20 kwa 100 wanaopasuliwa sezariene wanaweza kupata maambukizi ya kidonda. Kinga ya kwanza ni mikono safi: ya daktari, ya muuguzi, yako pia. Bandeji ikae kavu, isifunguliwe ovyo ili wageni waone. Usiweke majivu, majani, mafuta, wala unga wa kapsuli za antibiotiki. Tumbo la mama aliyepasuliwa lisikandwe kwa maji moto. Na usinunue antibiotiki zingine sokoni «ili kidonda kikauke». Wengi hawazihitaji, na dawa inapoteza nguvu.

Rudini hospitali bila kungojea rendevu mkiona:

- homa ao kutetemeka;
- usaha, harufu mbaya, wekundu unaoenea, kidonda kinachofunguka;
- damu nyingi;
- tumbo linalovimba na matapishi yasiyoisha;
- mguu mmoja unaovimba na kuuma, ao pumzi fupi;
- mkojo usiotoka;
- kichwa kinachouma sana kila akisimama, kisha anestezi ya mgongoni.

Maambukizi yanaweza kuonekana mpaka siku 30, hata kama kidonda kilionekana kizuri siku ya kutoka.

Kuna jambo moja zito kwetu huku. Mama anarudi nyumbani, na kisha wiki moja tayari ana kuni mgongoni ao bidoni ya maji. Kwa wiki 6 hivi, mtu aliyepasuliwa tumbo asibebe mizigo mizito. Bwana na watoto wachukue kazi hiyo. Na mama aliyepasuliwa sezariene aende konsultasyo mapema kwa mimba itakayofuata, na azalie kwenye hospitali yenye bloki, kwani kovu la kizazi linaweza kupasuka wakati wa uchungu.

Tukirudi kwa ule binti wa chai: neno moja lilitosha, «Muuguzi, alikunywa.» Operesheni ingesogezwa kesho yake, hasara ni siku moja tu. Kwa hiyo, wauguzi, msigombeze familia inayosema ukweli. Na sisi familia, tusifiche.