Kutoka Malungu hadi Lami: Nani Aamue Ugomvi wa Ujenzi Ufipa?

Kabla ya lami na majengo ya ghorofa, mojawapo ya kazi kubwa za ujenzi katika nyanda za juu za Ufipa, kusini-magharibi mwa Tanzania, ilikuwa ilungu, yaani tanuri la kuyeyushia chuma. Baadhi ya malungu bado yamesimama wilayani Nkasi. Yalijengwa kwa udongo wa kichuguu, yakafikia kimo cha mita 3 hivi, na chini yakaachiwa matundu ili hewa iingie yenyewe bila mivukuto. Bertram Mapunda, mwanaakiolojia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameandika kwa kina juu ya ufundi huo.

Kazi hiyo ilitaka mikono mingi: ya kuchimba udongo, kuchoma mkaa na kubeba mawe ya chuma. Aliyeiongoza alikuwa fundi mkuu, mwenye ujuzi na dawa. Chuma kisipotoka, mwenendo wa wahusika ulitiliwa shaka, hasa kuvunja mwiko wa kujitenga na wake zao. Sayansi haiikubali sababu hiyo. Hata hivyo, neno lilizungumzwa palepale kazini, mbele ya mtu anayeijua kazi yenyewe.

Serikali ya Kiingereza ilileta njia nyingine. Sheria ya Usuluhishi ya 1931 iliwaruhusu wenye mkataba kumteua msuluhishi badala ya kwenda mahakamani. Ilidumu karibu miaka 90, hadi Bunge lilipotunga sheria mpya mwaka 2020. Katikati ya safari hiyo, mwaka 1979, ilitungwa sheria iliyoanzisha Baraza la Taifa la Ujenzi, ambalo miongoni mwa kazi zake ni kusaidia kutatua migogoro ya sekta hii.

Kisha ikaja Ufipa barabara ya lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, kilomita 224 hivi, kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba wa 2008. Miradi mikubwa ya aina hii duniani mara nyingi hufuata mikataba ya FIDIC, shirikisho la wahandisi washauri lililoundwa mwaka 1913. Kwa miongo mingi, uamuzi wa kwanza ulikuwa wa mhandisi, ingawa alilipwa na mwajiri, yaani mwenye mradi, na makandarasi walinung'unika. Toleo la 1999 likaweka bodi huru ya kuamua migogoro, ambayo hutakiwa kutoa uamuzi ndani ya siku 84.

Tuchukue mfano wa mvua. Ufipa mvua hunyesha takriban Novemba hadi Aprili. Kwa masharti ya FIDIC ya 1999, mvua ya kawaida haimwongezei mkandarasi muda, maana alipaswa kuipangia tangu alipoandika zabuni. Inayomsaidia ni hali mbaya isiyo ya kawaida, na lazima atoe taarifa ya madai ndani ya siku 28 tangu alipoijua au alipopaswa kuijua. Akichelewa, haki yake imepotea, hata kama tuta lote lilisombwa na maji.

Historia hii inatuonyesha kwamba ugomvi wa ujenzi huamuliwa vyema mapema, karibu na kazi, na mtu anayeijua kazi lakini hana upande. Kwa hiyo, mkandarasi wa Sumbawanga, nawe mtendaji wa halmashauri: someni kifungu cha migogoro kabla ya kutia saini, kubalianeni jina la mwamuzi siku ya kwanza, na andikeni mvua, malipo na maagizo kila siku. Mahakama iwe kimbilio la mwisho.