Kutoka Kiliba hadi Mumias: historia ya viwanda vilivyojifunga mkanda vyenyewe

LUVUNGI, teritware ya Uvira – Katika bonde la Ruzizi, bei ya moto inajulikana na kila mtu. Inajulikana na mwenye mashini ya kukoboa mpunga anayenunua mazutu kwa bidoni, na inajulikana zaidi na familia zilizokimbia vita, ambazo leo zinapika kwa makala katika nyumba za wenyeji au ng'ambo ya mto Ruzizi, inchini Burundi. Basi mtu akisikia kwamba kuna viwanda vilivyoombwa kutumia moto kidogo na kutoa moshi kidogo, bila kulazimishwa na sheria, na vikakubali, swali linakuja lenyewe: kiwanda kinapata faida gani? Jibu liko katika historia, na sehemu ya historia hiyo iko hapa hapa bondeni.

Wazee wa bonde wanakikumbuka kiwanda cha sukari cha Kiliba. Kilianzishwa katika miaka ya 1950, wakati wa ukoloni wa Wabelgiji, kwenye barabara ya Uvira. Kazi ya sukari ina siri moja ambayo viwanda vya namna hiyo vinaitumia duniani kote: miwa ikishakamuliwa, makapi yake yanakuwa kuni. Yanachomwa kwenye matangi ya kuchemshia maji, mvuke unazungusha mashini, na mvuke huohuo unapika maji ya miwa hadi yawe sukari. Hakuna mtu aliyefanya hivyo kwa sababu ya kuhurumia hewa. Mafuta ni ghali, yanatoka mbali, na makapi yako mlangoni bila kulipiwa. Akiba ya moto ilianza kama hesabu ya mfanyabiashara.

Vita vya 1996 vilipoanza Uvira na bondeni, Kiliba kilinyamaza. Wafanyakazi walitawanyika na mashamba ya miwa yakabaki bila mwenye kuyatunza. Bonde lilipoteza sukari na mishahara, na lilipoteza pia mfano wa kiwanda kinachoweza kujilisha moto chenyewe.

Chanzo kingine cha moto wa sehemu hizi ni mto wenyewe. Sentrali ya Ruzizi I, karibu na Bukavu, ilianza kutoa umeme mwishoni mwa miaka ya 1950. Uwezo wake ni karibu megawati 30. Ruzizi II ilifuata mwaka 1989, chini ya shirika SINELAC ambalo Zaire, Rwanda na Burundi zilikuwa zimeliunda pamoja. Sentrali hizo zinakunywa maji yanayotoka Ziwa Kivu. Ni chungu kimoja, na wenye kula ni watu wa inchi tatu. Kiwanda kikiacha mashini kubwa zikizunguka bure usiku, kinaupunguza umeme ambao ungewasha taa ya hospitali au pampu ya maji. Pahali ambapo umeme ni haba, akiba ya mmoja ni mwangaza wa mwingine.

Katika inchi tajiri, kuvishawishi viwanda kupunguza kwa hiari kulipata nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1991, serikali ya Marekani ilizialika kampuni kupunguza kemikali 17 zenye sumu zilizokuwa zikitoka viwandani: asilimia 33 kufikia 1992, na asilimia 50 kufikia 1995. Hapakuwa na faini kwa aliyekataa. Lengo la nusu lilifikiwa mwaka mmoja kabla ya muda. Hata hivyo wachunguzi waliuliza swali gumu: je, kampuni hizo zisingepunguza hata bila kualikwa? Baadhi ya kemikali zilikuwa tayari njiani kupigwa marufuku. Swali hilo linaifuata mipango ya hiari mpaka leo.

Karibu na kwetu, somo kubwa limetoka Kenya. Ukame wa 1999 na 2000 ulikausha mabwawa, umeme ukagawanywa kwa zamu, na viwanda vikasimama saa nyingi. Wenye viwanda waliona kwa macho yao kwamba umeme unaopotea ni mali inayopotea. Mwaka 2001, Chama cha Wenye Viwanda cha Kenya, KAM, kilianza kazi pamoja na Mfuko wa Mazingira wa Dunia ili kuvisaidia viwanda vidogo na vya kati. Wataalamu waliingia viwandani na kuhesabu kila kitu: mabomba ya mvuke yanayovuja, matangi yasiyofunikwa yanayopoteza joto, mota kubwa kuliko kazi yake, taa zinazowaka mchana. Kisha wakamwonyesha mwenye kiwanda pesa anazozitupa kila mwezi. Mwaka 2004, KAM kilianza kutoa zawadi kwa viwanda vilivyookoa umeme na mafuta zaidi. Mwaka 2006 kikaanzisha, pamoja na Wizara ya Nishati, kituo maalumu cha kazi hiyo.

Zawadi zina nguvu, kwa sababu hakuna mkurugenzi anayependa kuona jirani yake akishangiliwa peke yake. Lakini Waswahili walishaonya kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Serikali ya Kenya haikuiacha hiari isimame peke yake. Kanuni za mwaka 2012 zilitaka kila kiwanda au jengo linalotumia zaidi ya kilowati-saa 180,000 kwa mwaka lifanyiwe ukaguzi wa nishati kila baada ya miaka mitatu. Hiari ilifungua njia na kuonyesha kwamba jambo linawezekana. Sheria ikaja kuwasukuma waliobaki nyuma.

Viwanda vya chai navyo vina habari yao. Kukausha majani ya chai kunakula kuni nyingi, na kila tani ya kuni ni miti iliyoanguka mlimani. Mwaka 2007, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira na Chama cha Biashara ya Chai cha Afrika Mashariki walianza mpango wa kuvisaidia viwanda vya chai kujenga sentrali ndogo kwenye mito ya karibu. Rwanda na Burundi, jirani zetu wa ng'ambo, zilikuwa miongoni mwa inchi za mpango huo. Kiwanda cha Imenti, huko Meru inchini Kenya, kilijenga ya kwake ya karibu megawati moja.

Mfano unaoigusa Kiliba zaidi ni Mumias, magharibi mwa Kenya. Kampuni hiyo ya sukari ilijenga mtambo wa kuchoma makapi ya miwa wenye uwezo wa megawati 38. Kuanzia 2009, megawati 26 kati ya hizo zilikusudiwa kuuzwa kwa wakaaji kupitia nyaya za taifa. Mtu wa Uvira alinganishe: ziada hiyo ya kiwanda kimoja inakaribia uwezo wote wa Ruzizi I. Lakini Mumias ilizama katika madeni, na mwaka 2019 ikawekwa chini ya msimamizi wa wadai. Wakulima waliokosa malipo ya miwa yao hawakufarijiwa na habari za umeme safi. Makapi hayawezi kuokoa kiwanda ambacho hesabu zake hazisimami.

Wapo wanaosema kwamba mambo haya ni ya wenye viwanda, na bonde la Ruzizi halina cha kupunguza. Neno hilo lina ukweli: anayelala gizani haombwi azime taa. Ila moto wa bonde unaliwa na kazi ndogo ndogo: mashini za kusaga mihogo na kukoboa mpunga, tanuru za matofali, mikate na sabuni. Pumba za mpunga zinazomwagwa nyuma ya mashini ni ndugu ya makapi ya miwa. Zinaweza kuchoma matofali badala ya miti ya mlimani. Mashini iliyotengenezwa vizuri, yenye mkanda usioteleza, inasaga magunia zaidi kwa bidoni ileile ya mazutu.

Na siku usalama utakaporudi na moshi kuonekana tena Kiliba, viongozi wa teritware, wakulima wa miwa na mwenye kiwanda watakuwa na maneno ya kuandikiana tangu mwanzo: makapi yatachomwa vipi, umeme wa ziada utafika kijiji gani, na nani atahesabu kila mwaka. Historia ya Kenya inaonyesha kwamba ahadi ya hiari inashika pale tu penye hesabu iliyo wazi na mtu wa kuisoma mbele ya watu.