Maumivu Makali ya Hedhi: Sababu za Daktari Kuandika Vidonge vya Uzazi wa Mpango

Vidonge vya uzazi wa mpango havitumiki kuzuia mimba pekee. Daktari anaweza kumwandikia hata msichana asiye na mwenza, iwapo hedhi humlaza kitandani na kumkosesha masomo kila mwezi. Hilo si jambo la kumwonea haya mhudumu wa afya. Maumivu hayo hutokana na prostaglandini, kemikali inayozalishwa katika utando wa ndani wa mfuko wa uzazi na kuufanya mfuko huo ujikaze. Vidonge hupunguza unene wa utando, na kemikali hiyo hupungua.

Kuazima vidonge vya dada au rafiki, hata hivyo, ni hatari. Vyenye estrojeni havifai kwa mwenye shinikizo la juu la damu, aliyewahi kupata damu iliyoganda kwenye mishipa, au mvutaji sigara mwenye umri wa miaka 35 na kuendelea. Ndiyo maana shinikizo la damu hupimwa kwanza. Anayetumia rifampisini kutibu kifua kikuu hana budi kumweleza daktari, kwani dawa hiyo hudhoofisha vidonge.

Maumivu yasipopungua ndani ya miezi mitatu hadi sita, mgonjwa hurudi kuchunguzwa endometriosisi, yaani kuota kwa utando wa aina hiyo nje ya mfuko wa uzazi.